Barua ya wazi kwenu mnaoshika mafaili yetu: futeni msichokihitaji

Wakubwa zangu, salaam.

Nawaandikia nyie wakurugenzi wa makampuni, wakuu wa hospitali na mabenki, wenye aplikesheni, na nyie wa serikalini ambao kazi yenu ni kuwasimamia hao wote. Kituo cha ushauri nasaha kilichovujisha faili langu sitakitaja jina, sababu barua hii sio ya kumkomoa mtu mmoja, na nikimtaja mmoja wengine mtashusha pumzi mkidhani hamhusiki. Mnahusika. Kama una kompyuta yenye majina ya watu na namba zao za simu basi na wewe naongea na wewe.

Mimi nilienda kwa mshauri nasaha kwa sababu nilikuwa silali. Baba alifariki, tukazika, nikarudi kazini nikadhani yameisha, kama miezi miwili baadaye nikaanza kushtuka saa nane usiku moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa, na nikishaamka ndio basi mpaka asubuhi. Sikumwambia mtu, mke wangu tu ndiye alijua kwa sababu tunalala wote. Nikatafuta kituo mwenyewe kwenye simu, nikapewa fomu ya kujaza, kurasa mbili. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na picha yake mbele na nyuma, dini, mahali ninapofanya kazi, jina la mama kabla hajaolewa, na mtu wa karibu pamoja na namba yake. Kwenye mtu wa karibu nikamwandika kaka yangu mkubwa. Nilijaza vyote kwa sababu kila swali lilikuwa na kinyota chekundu pembeni, ukiruka moja fomu haikubali kwenda mbele.

Naomba mkisimamie hapo kidogo hicho kinyota. Mimi nimekuja silali. Jina la mama yangu kabla hajaolewa ni la nini? Dini yangu ni ya nini? Mshauri mwenyewe hakuwahi kuniuliza hata moja kati ya hayo kwa mdomo wake, na nilikaa naye mara sita. Kuna mtu ofisini aliweka hivyo vinyota siku moja, labda kwa kunakili fomu nyingine, akaenda zake, na kuanzia siku hiyo kila mgonjwa anayefika pale anaacha funguo za maisha yake yote mlangoni, hamna aliyezihitaji.

Kwenye vile vikao nilikuwa naongea, mshauri anaandika. Nilikuwa nasikia kibodi. Kuna siku nilisema jambo ambalo hata mke wangu sijawahi kumwambia, nikasikia vidole vyake vinakwenda, tik tik tik, na wala sikuwaza chochote, nilijua yanaishia mule ndani. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilidhani kata ni yule mshauri peke yake. Kumbe kata zilikuwa nyingi. Kulikuwa na seva, ile kompyuta kubwa ya kutunzia mafaili, na bekapu ya seva, yaani nakala ya akiba, na kampuni nyingine inayotunza bekapu, na watu nisiowajua wenye paswedi za kuingilia huko kote.

Nilijuaje kwamba limevuja? Niliamka asubuhi nikakuta meseji kutoka namba ngeni. Ina majina yangu yote matatu, tarehe ya kikao changu cha tatu, na sentensi moja. Ile sentensi ni maneno yangu mwenyewe kama nilivyoyasema siku ile, hayajapunguzwa wala kuongezwa. Halafu chini yake kiasi cha pesa na muda wa kulipa. Mikono ilinitetemeka nikashindwa hata kuifunga simu. Sikulipa, nikambloku, nikafuta ile meseji kama vile kuifuta kwangu kungeifuta na kwake.

Siku ya pili yake kaka akanipigia. Mtu wa karibu. Namba yake ilikuwa kwenye faili, niliiandika mimi mwenyewe. Nilitegemea atakuwa na hasira au aibu, kumbe aliongea polepole sana, akasema "mdogo wangu, mbona hukuniambia?" Basi. Nikakosa cha kumjibu mpaka leo. Kaka yangu hajanikosea chochote, ni mtu mwema, lakini kuna jambo nilikuwa nalipangia siku yake, namna ya kumwambia, mahali pa kukaa, maneno ya kuanzia, na mtu nisiyemjua akaniibia hiyo siku. Mnapohesabu hasara huwa mnahesabu pesa iliyotoka kwenye akaunti. Hii mtaiandika safu gani?

Kazini nako skrinshoti ilifika, sijui kwa njia gani. Hamna aliyenicheka, niseme ukweli. Ila kuanzia wiki ile watu wakawa wanaongea na mimi kwa sauti ya chini kama wanaongea na mtoto aliyelala. Nikiingia mahali stori inabadilika. Bosi akaniita akasema pumzika kidogo, majukumu fulani atayashika mwenzako kwa muda. Kwa muda ndio huo, hayajarudi. Na siwezi kulalamika popote maana nimetendewa kwa upole, na huo upole ndio unanimaliza.

Barua yenu, yaani ya kile kituo, ilikuja siku 19 baada ya meseji ya yule mwizi. Ijumaa jioni. Mwizi ndiye aliyenipa taarifa, nyie mlikuja nyuma yake. Na imeandikwaje? "Ndugu mteja, huenda baadhi ya taarifa za idadi ndogo ya wateja zimefikiwa na watu wasioruhusiwa. Tunalichukulia suala hili kwa uzito." Nimeisoma mara nyingi mpaka naijua kwa kichwa. Huenda. Baadhi. Idadi ndogo. Hamna sehemu inayosema ni taarifa gani zangu mimi. Picha ya kitambulisho imetoka au haijatoka? Maandishi ya mshauri je? Mtu wa karibu je? Kwa sababu kila moja lina dawa yake, kama ni paswedi nitaibadilisha leo, kama ni kitambulisho nitaenda kuripoti, kama ni namba ya kaka basi nimpigie nimtahadharishe kabla hajapigiwa yeye. Mlikuwa na siku 19 za kunipa hiyo nafasi. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa pale, akapokea dada mmoja akaanza kunisomea maneno yale yale ya barua. Nilivyombana sana akanyamaza kidogo, akasema "kaka yangu, nisamehe, nimeambiwa niseme haya tu." Huyo dada simlaumu hata kidogo, nawalaumu mliompa karatasi asome halafu nyie wenyewe mkazima simu.

Mtasema mimi ni mmoja, bahati mbaya. Haya, twendeni Finland. Kulikuwa na kampuni ya tiba ya kisaikolojia inaitwa Vastaamo, ina vituo nchi nzima, na maandishi ya vikao vya wagonjwa yakawekwa kwenye seva iliyokuwa imekaa wazi kwenye intaneti. Mwizi aliingia 2018. Wagonjwa wamekuja kujua Oktoba 2020, tena kwa sababu mwizi aliamua kujitokeza. Kwanza aliitaka kampuni imlipe bitcoin 40, ilipokataa akaanza kumwaga mafaili ya watu kwenye intaneti, mia leo, mia kesho, halafu akageukia wagonjwa wenyewe mmoja mmoja kwa imeili: lipa euro 200 ndani ya saa 24, ukichelewa ni 500, usipolipa kila ulichomwambia daktari wako kitasomwa na kila mtu. Kama watu 33,000 hivi. Wengine walikuwa watoto walipokuwa wanaongea mle ndani. Kampuni ikafilisika 2021, mahakama ya wilaya mwaka 2024 ikampa mtu mmoja kifungo cha miaka 6 na miezi 3, na huko kwenye magazeti stori ikaonekana imefika mwisho. Lakini yale maandishi hayakufilisika na hayakufungwa jela. Yapo kwenye diski za watu wasiojulikana, na mtu aliyekuwa na miaka 14 wakati ule akienda kuomba kazi akiwa na 30 bado yatakuwepo. Niliposoma habari zao ndipo nikaelewa kwa nini bado nashtuka simu ikiita namba ngeni. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Au Australia, mwaka 2022, kampuni ya bima ya afya ya Medibank, watu milioni 9.7. Kampuni ilikataa kulipa, na mimi kwenye hilo siwapingi, kumlipa mwizi ni kumnunulia mafuta ya safari ijayo na hamna risiti ya kwamba kafuta. Ila walivyokataa wezi wakaanza kuchapisha mafungu mafungu, na moja ya mafaili ya mwanzo waliliita utoaji mimba. Wameyachagua hayo makusudi, wanajua kabisa ni kipi kinauma. Yule mama aliyekuwemo mle alienda hospitali, akalipiwa na bima, akarudi nyumbani. Kosa lake liko wapi? Kosa ni kwamba kuna mtu aliona ni sawa ile safu ya sababu ya matibabu ikae pembeni ya jina na namba ya simu kwa miaka.

Sasa niongee na nyie mnaofichaga. Nawajua mna sababu zenu, mwanasheria kasema tusubiri, watu wa picha ya kampuni wamesema tusubiri, uchunguzi unaendelea. Singapore, Januari 2019, wizara ya afya ilitangaza kwamba majina ya watu 14,200 wenye virusi vya ukimwi yamevuja, pamoja na namba za simu na anwani. Wakuu walikuwa wanajua tangu 2016 kwamba kuna mtu ana hizo taarifa mkononi, na 2018 wakajua tena kwamba bado anazo, umma haukuambiwa mpaka zilipotoka kwenye intaneti. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba walihofia kuwaumiza waathirika. Hili nimelifikiria sana kwa sababu linasikika kama huruma. Mimi ningetaka kuambiwa. Mtu mwenye siri nzito kiasi hicho ana watu wawili watatu ambao angependa wasikie kutoka kwake, na muda wa kuwaambia ndio kitu pekee ambacho mngeweza kumpa, mkaamua kwa niaba yake kwamba hauhitaji.

Uingereza ni zaidi. Februari 2022 mtu wa wizara ya ulinzi alituma kwa imeili jedwali akidhani lina majina machache, kumbe kuna mistari iliyofichwa ndani yake, taarifa za karibu Waafghanistan 19,000 waliokuwa wanaomba kuhamishwa kwa sababu walifanya kazi na Waingereza na wanaogopa Taliban. Wizara yenyewe ilikuja kugundua Agosti 2023, kipande chake kilipoonekana kwenye Facebook. Serikali ikaenda mahakamani ikapata amri ya kuzuia jambo hilo lisitangazwe, na amri hiyo ilikuwa inakataza hata kusema kwamba ipo amri. Ilidumu mpaka Julai 2025. Najua walisema ni kuwalinda wale watu wasitafutwe, na pengine miezi ya mwanzo ilikuwa na maana. Lakini kwa karibu miaka miwili mtu alikuwa anapika chai nyumbani kwake hajui kwamba jina lake liko kwenye orodha mikononi mwa watu. Kosa lote hilo ni la faili moja lililobeba zaidi ya lililohitajika kutumwa.

Ule Umoja wa Ulaya sheria yao inasema ukigundua umevujisha una saa 72 za kumwambia msimamizi, na kama hatari ni kubwa kwa wenye taarifa basi na wao waambiwe bila kucheleweshwa. Nchi nyingi zimeandika inayofanana na hiyo. Kwa hiyo karatasi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na saa mkononi, na hiyo ni kazi yenu nyie wa serikalini.

Nirudi kwangu. Kama miezi mitatu baadaye nikaanza kupigiwa kwamba nadaiwa mkopo. Sijakopa. Kuna mtu alitumia picha ya kitambulisho changu na jina langu kukopa kwenye aplikesheni. Nikapiga kueleza kwamba sio mimi, wakaniambia sawa, kabla hatujaendelea tukuhakiki kwanza, tutajie tarehe yako ya kuzaliwa na jina la mama yako kabla hajaolewa. Nilikaa kimya mpaka yule mtu akauliza kama bado nipo. Maana hayo ndiyo yaliyovuja! Mwizi anayo, tena anayatamka vizuri kuliko mimi labda. Yeye aliulizwa maswali yale yale akafaulu, na mimi nikitaka kuthibitisha kwamba mimi ni mimi naulizwa mtihani ambao majibu yake yamebandikwa ukutani. Paswedi nikiibiwa nabadilisha. Mama yangu nimbadilishe jina? Tarehe niliyozaliwa niihamishie mwezi gani? Jamani acheni kutuhakiki kwa vitu hivyo. Tafuteni njia nyingine, zipo, na nyie wenye mabenki mnazijua kuliko mimi.

Ule mkopo ulichukua miezi saba kufutwa kwenye jina langu. Nilikuwa nabeba bahasha yenye makaratasi, ripoti, barua, nakala za kitambulisho kile kile, nazunguka nayo ofisi hadi ofisi, na kila ofisi inataka inakili kitambulisho changu ikitunze kwenye faili. Yaani ili nisaidiwe kwa kuvujishiwa nakala moja nilibidi niache nakala nyingine sita. Hizo sita ziko wapi leo sijui.

Kwa wanaosema wadukuzi siku hizi ni hatari hakuna wa kuwazuia, sio kweli kwa visa vingi. Equifax ya Marekani, wale wanaotunza rekodi za mikopo ya watu, 2017 walipoteza taarifa za watu kama milioni 147, zikiwemo namba za utambulisho za maisha. Tundu la kwenye programu lililotumika lilitangazwa hadharani mwezi Machi na apdeti ya kuliziba ikatolewa bure, wezi wakaingia Mei na tundu bado liko wazi, wakakaa humo mpaka mwisho wa Julai. Kifaa cha kukagua data inayotoka nje kilikuwepo ila cheti chake kilikuwa kimeisha muda kwa hiyo kilikuwa hakioni kitu. Hamna uchawi hapo. Ni mlango uliojulikana ni mbovu, na mlinzi aliyekaa langoni amefumba macho. Na jiulizeni, hao watu milioni 147 walijisajili lini? Wengi wao hawakuwahi kuwa wateja wa Equifax, taarifa zilikusanywa tu kutoka kwa wengine. Baadaye kwenye makubaliano ya 2019 watu wakatangaziwa wanaweza kuchukua mpaka dola 125 taslimu, wakajitokeza wengi mno kuliko fungu lililotengwa, mgao ukaporomoka.

Na tafadhali, hili la kutulaumu sisi. Mwaka 2023 kampuni ya vipimo vya DNA ya 23andMe iliingiliwa, wezi walichukua imeili na paswedi zilizovuja sehemu nyingine wakazijaribu pale kwa mashine moja baada ya nyingine, zikafungua akaunti kama 14,000. Kutoka kwenye hizo, kwa kuwa mfumo unaonyesha ndugu zako wa damu, wakafikia taarifa za watu milioni 6.9. Wanasheria wa kampuni wakaandika kwamba ni watu wenyewe wametumia paswedi moja kila mahali. Ni kweli kutumia paswedi moja ni kubaya, hata mimi nilikuwa nafanya na nimeacha. Lakini hao wengine milioni na milioni kosa lao lilikuwa nini, kuwa na ndugu? Na paswedi za mwanzo zilizojaribiwa zilitoka wapi kama sio kwenye makampuni mengine yaliyovujisha kabla? Mnatupa mzigo mliotubebesha wenyewe halafu mnatuuliza mbona tumepinda mgongo. Hiyo kampuni ilienda kuomba kinga ya ufilisi Machi 2025, na watu wakaanza kukimbilia kufuta akaunti zao maana hawajui mate yao waliyoyatoa kupimwa yatamilikiwa na nani kesho.

Kufuta. Hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Kila siku mnatuambia mmeongeza ulinzi. Mmenunua programu mpya, mmeajiri wataalamu, mmeweka uthibitisho wa hatua mbili. Vizuri, endeleeni, mimi sipingi hata kimoja. Ila kitu kisichokuwepo hakiibiwi. Faili langu lilivuja miaka miwili na nusu baada ya kikao changu cha mwisho. Miaka miwili na nusu! Nilikuwa nimeshapona, nalala vizuri, nimesahau hata rangi ya kile kiti, na lile faili bado liko pale linasubiri mwizi. Kuna matibabu ambayo rekodi zake lazima zitunzwe, sheria inataka na ni kwa faida ya mgonjwa mwenyewe, hilo naelewa. Basi tunzeni kinachotakiwa, kitengeni na jina, kifungeni kwa usimbaji, yaani maandishi yageuzwe yasisomeke bila ufunguo, ili mwizi akiiba faili aibe kelele tupu. Lakini picha ya kitambulisho mkishaiangalia mkahakikisha mtu ni yeye, ya nini tena? Dini? Jina la mama? Namba ya kaka yangu, baada ya mimi kuondoka salama?

Na mkisema mmefuta, muwe mmefuta. Ule mtandao wa Ashley Madison wa watu wa ndoa wanaotafuta wapenzi wa nje, uliodukuliwa 2015, mniwie radhi kwa mfano, sitetei walichokuwa wanafanya mle, lakini walikuwa wanatoza dola 19 ili mtu afutwe kabisa. Watu wakalipa. Data ilipomwagwa, zikakutwa taarifa za waliolipa wafutwe. Walichukua pesa ya kusahau na hawakusahau. Nikiliangalia hilo naona ni wizi wa kwanza, kabla wadukuzi hawajafika.

Kwenu mnaotunga sheria na mnaotoza faini, naomba jambo moja. Faini mnayomtoza mvujishaji inaingia serikalini, sawa, lakini mtu aliyevujishiwa anabaki na bahasha yake anazunguka. Wekeni ofisi moja ambapo nikifika mara moja na ushahidi wangu, wao ndio wanaopigia mabenki, mitandao ya simu na wenye mikopo, na gharama anabeba aliyevujisha. Na kabla ya kumuuliza mvujishaji ulilindaje, mumuulize kwanza kwa nini ulikuwa nacho. Akikosa jibu la hilo swali la kwa nini basi mengine yote yanafuata.

Kwenu wakurugenzi, kesho asubuhi mkifika ofisini iteni mtu mmoja wa kompyuta, sio mkutano, mtu mmoja, akufungulie fomu mnayowapa watu wajaze. Mpitie kinyota kimoja kimoja. Kila kinyota muulize nani hapa ofisini amewahi kukitumia hicho kwa mwaka mzima. Kisichotumika kiondoeni, halafu rudini nyuma mkafute vilivyokusanywa tayari, kwenye seva, kwenye bekapu, kwenye lile faili la Excel ambalo mtu alilitoa akajitumia kwenye imeili yake ili afanyie kazi nyumbani.

Na kile kituo changu, mnajijua. Nimewaandikia mara tatu mfute faili langu. Mara ya kwanza mlinijibu ombi limepokelewa. Mara ya pili mlinijibu ombi limepokelewa. Mara ya tatu mlinitumia linki ya kujaza fomu ya kuomba kufutwa, nikaifungua, inataka picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na pembeni yake kuna kinyota chekundu. Sijaijaza. Naomba mnijibu bila hiyo.